Mkono wa Komeo

Watu walimwita shemeji yangu Bwana Bega, na sisi wachache tuliomjua kabla ya jina hilo tulikuwa tumeshaliacha lile la zamani. Alikuwa amemwoa dada yangu. Dada alipofariki alimwachia binti wa miaka tisa, na mimi nikaachiwa wote wawili, maana baba mwenyewe hakujua hata chumvi ya nyumba yake inakaa wapi. Nasema hivyo kwa mapenzi. Nilimpenda shemeji yangu, na mengi nitakayosema hapa nayasema nikiwa na hasira naye, na moyoni mwangu vyote viwili vimepata pa kukaa.

Kazi yake ilikuwa kuchua viungo vya wachezaji. Kiwanda cha sabuni kilikuwa na timu ya wanawake ya mpira wa mikono, nacho kilimpa chumba chini ya jukwaa la watazamaji, chumba chenye dari ya mteremko, hata mchezaji mrefu alilazimika kuingia ameinama kama mtu anayekuja kuomba radhi. Ndani mlikuwa na benchi refu lililovikwa plastiki nyekundu, ndoo ya barafu, kopo la mafuta yenye harufu ya kafuri, birika kubwa la alumini, na ukutani picha ya mkono wa binadamu uliochunwa ngozi. Picha hiyo aliiokota siku shule moja ya jirani ilipotupa vifaa vyake vya zamani. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikitunza jezi na mipira. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo hakuna mchezaji aliyelia kwa Bwana Bega nisimsikie.

Jina lake alilipata kihalali. Enzi zake alikuwa mrushaji hodari wa timu ya wanaume, na bega lake la kulia lilichomoka mara nne. Mara ya nne daktari aliyekuwa zamu alichoka naye, akamwonyesha jinsi ya kulirudisha mwenyewe. Kuanzia hapo akawa anarudisha ya wenzake, na alipoacha kucheza hakuacha kurudisha. "Bega ni chungwa juu ya kisahani cha kikombe," aliwaambia wasichana, huku akiwapindisha mkono taratibu. "Kisahani hakiwezi kushika chungwa. Kinacholishika ni misuli minne midogo, nanyi mnaitesa kwa kurusha mpira mara mia mbili kwa siku. Halafu mkija hapa mnashangaa. Shangaeni tu."

Vidole alivijua pia. Mpira ukikugonga kwenye ncha ya kidole, ncha inainama na haiinuki tena, hata uiamrishe vipi. Yeye alikinyoosha kidole juu ya kipande cha kijiti, akakifunga, akatoa amri ya wiki sita. "Ukikikunja hata mara moja tunaanza kuhesabu upya. Na usiniambie umekikunja usingizini, usingizi si wakili." Viwiko vya warushaji alivibonyeza upande wa nje na upande wa ndani, akasema huyu kaumia, huyu kachoka, huyu anakwepa mazoezi, na mara nyingi alikuwa amepatia. Ubaya wote ulianzia hapo, kwenye kupatia kwa miaka mingi. Mtu anayekosea mara kwa mara huwa anauliza wenzake, lakini shemeji yangu hakuwa na haja ya kuuliza.

Kwenye ile picha ya ukutani kila msuli ulikuwa na jina lake. Mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo, ulikuwa na jina, mifupa miwili ya mkono kutoka kiwiko kwenda chini ilikuwa na majina. Lakini pale kwenye kifundo, kiganja kinapoanzia, mna vifupa vinane vidogo vilivyojipanga safu mbili, na picha iliviita vyote kwa mkupuo: mifupa ya kifundo. Ndivyo alivyovijua yeye pia, kwa mkupuo.

Tena alikuwa na kipimo chake. Mchezaji akianguka na kuumia mkono, Bwana Bega alijaza birika maji mpaka shingoni, akaliweka sakafuni mbele yake, akasema, "Linyanyue." Ukilinyanyua kwa mkono ulioumia na kulishikilia huku yeye anahesabu mpaka kumi, mkono umeteguka tu, panda benchini. Ukishindwa, umevunjika, na hapo hakugusi hata kwa kidole, unakwenda hospitali mbio. Hilo lilikuwa jambo la fahari kwake. "Mimi si mtu wa kubahatisha," alikuwa akisema. Na kweli niliwaona wengi waliolishindwa lile birika wakirudi na plasta ngumu mikononi, wakamshukuru kwa kuwawahisha.

Mtu mmoja tu hakumheshimu, daktari wa mifupa wa hospitali kubwa, mama mwembamba anayeongea haraka, aliyekuwa akija uwanjani siku za mashindano. Siku moja alimkuta Bwana Bega amemlaza mchezaji pembeni ya uwanja na amekwisha kulirudisha bega mahali pake.

"Umempiga picha kwanza?" aliuliza yule mama.

"Mikono yangu inaona, daktari."

"Mikono yako haioni mfupa uliopasuka ndani. Siku moja utavuta bega lenye ufa, utaubana mshipa wa fahamu, na mtu atakwenda nyumbani na mkono unaoning'inia kama taulo. Mzee, utaua mkono wa mtu."

Sisi wengine tulicheka, tukidhani ni kisirani tu. Yule mama aliandika barua kwa uongozi wa timu. Uongozi ukamwita shemeji, ukamwambia likija lalamiko jingine moja tu, chumba kinafungwa. Alirudi, akafuta benchi lake ingawa lilikuwa safi.

Binti yake wakati huo alikuwa amefikisha miaka ishirini na mbili, ndiye golikipa wa timu. Tulimwita Komeo kwa sababu ukishamweka golini umefunga mlango. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mirefu kuliko ya baba yake, mchangamfu, mwenye kichwa kigumu ajabu. Mimi ni mama yake mdogo lakini nilimlea, kwa hiyo nikisema alikuwa mzuri mnivumilie. Golini alikuwa anacheka. Mpira unamjia kifuani kwa kasi ya kutisha, yeye anacheka, anaupiga teke au kofi, kisha anamuuliza mpigaji, "Mwenye huu mpira nani?" Hakutaka kitu kingine duniani. Wachaguzi wa timu ya taifa walikuwa waje baada ya wiki sita, na kila mtu alijua wanakuja kumtazama yeye.

Alianguka siku ya Jumanne mazoezini. Aliruka kwa ajili ya mpira wa juu, akarudi chini kinyumenyume, akautanguliza mkono wa kulia, kiganja wazi, uzito wote wa mwili ukatua juu yake. Aliinuka anacheka, lakini midomo ilikuwa imebadilika rangi. Tukaenda chumbani, mimi nyuma yao. Baba akajaza birika.

"Linyanyue."

Alilinyanyua. Baba alihesabu mpaka kumi, na Komeo, kwa maringo, akaongeza mwenyewe kumi na moja na kumi na mbili ndipo akalitua.

"Umeteguka," alisema baba, na uso wote ulimfunguka. "Huyu mtoto ana mifupa ya chuma."

"Haya, acha kudeka," nikasema mimi. "Kuna wenzio wamejifungua juzi na leo wanakimbia."

Hayo ni maneno yangu. Niliyasema nikicheka, nikarudi kupanga jezi.

Uvimbe uliisha baada ya siku nne. Maumivu hayakuisha, ila yalihamia mahali pamoja. Nyoosha kidole gumba chako kukielekeza juu, kwa nguvu, halafu tazama nyuma ya shina lake: utaona kishimo kidogo kati ya kano mbili. Komeo alimwonyesha baba yake kishimo hicho. "Hapa baba. Hapa tu." Baba akabonyeza, na binti akaunyakua mkono wake kama aliyeguswa na pasi ya moto. Bwana Bega akafikiri kidogo, akasema ni kano ya kidole gumba imevimba, itatulia ikikandwa. Basi kila siku baada ya mazoezi alimkalisha kwenye lile benchi jekundu, akapaka mafuta, akaweka dole gumba lake juu ya kile kishimo na kuzungusha, robo saa nzima, huku akimsimulia habari za marehemu mama yake. Nilikuwa nawasikia kupitia mbao. Mfupa uliovunjika ulikuwa chini ya dole lake, naye alikuwa akiusugua kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Sikujua. Naye hakujua. Hilo namsamehe, na nilishamsamehe zamani.

Komeo alijifunza kuficha. Alifungwa bandeji kabla ya mechi, akaanza kuzuia kwa mkono wa kushoto na kwa miguu, na watu wakasifu mtindo mpya. Wachaguzi walikuja wiki ya sita. Siku ile alikuwa moto wa kuotea mbali, ila nilimwona mara mbili akiinama nyuma ya nguzo ya goli, akiushikilia mkono kati ya magoti. Majina yalipobandikwa, lake lilikuwa la pili kutoka juu. Baba yake alilisoma kwa sauti mara tatu, akawauliza wapita njia kama macho yake yanaona sawasawa.

Siku chache baadaye nilimtuma Komeo afungue kufuli la stoo yangu. Alichelewa. Nilipomfuata nikamkuta amesimama mbele ya mlango, ufunguo umo ndani ya kufuli, hawezi kuuzungusha. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Ulikuwa ufunguo mdogo tu wa kufuli, na mkono ule ndio uliokuwa ukizuia mpira uliorushwa na mtu mzima.

"Kesho hospitali," nikasema. "Na baba yako nitamwambia mimi."

Shemeji hakubisha. Alivaa shati lake la heshima, akatangulia mlangoni. Tulipofika, tukaelekezwa chumba cha mifupa, na nyuma ya meza alikuwa yule yule mama mwembamba. Alimtazama Bwana Bega, akatazama ule mkono, akatuagiza picha ya eksirei. Tuliporudi nayo aliibandika kwenye taa ya ukutani.

"Umeanguka lini?"

Ilikuwa wiki ya saba na siku tatu. Komeo akawahi kujibu. "Ijumaa iliyopita, daktari."

"Kuna mtu aliyekukanda?"

"Hapana. Nilifunga bandeji tu, nikasubiri."

Nilitaka kufungua mdomo, na chini ya meza vidole vya mkono wake wa kushoto vikanibana goti mpaka nikaumia. Daktari alimgeukia shemeji yangu, na kwa mara ya kwanza nikaona tabasamu lake.

"Mzee, leo umenifurahisha. Umemleta mapema."

"Asante, daktari," alisema Bwana Bega.

Kisha yule mama akatueleza, kwa kalamu juu ya picha, polepole kuliko kawaida yake, maana sasa alikuwa anaongea na watu aliowaona wana busara. Kati ya vile vifupa vinane, mfupa mmoja ulio upande wa kidole gumba una umbo la korosho. Mtu akianguka juu ya kiganja, huo ndio unaobeba, na ndio unaokatika kiunoni mwake, pale katikati. Mkono hauvimbi sana. Mtu anaweza kushika vitu, anaweza hata kubeba. "Ndiyo maana unadanganya watu," alisema. "Na ubaya wake ni damu. Mfupa huu hupata damu kutoka ncha ya mbele, upande wa kidole. Ukikatika katikati, kipande cha nyuma kinabaki na kiu. Ukiwahi, plasta inatosha, mfupa unaunga, damu inapita. Ungekuja baada ya mwezi na nusu, nisingekuwekea plasta hata siku moja. Ningekufungua haraka, nikachukua kipande cha mfupa wa nyonga, nikatia skrubu. Kila wiki ingekuwa na maana. Lakini umewahi, ashukuriwe Mungu."

Nilimtazama shemeji. Alikuwa anatazama ukuta. Nilisubiri. Nasema kweli, nilisikia pumzi yake ikiingia kama ya mtu anayetaka kusema, halafu ikatoka bila neno. Muuguzi akaleta ndoo ya maji na vitambaa vya plasta, wakaanza kumfunga Komeo kutoka chini ya kiwiko mpaka kwenye kidole gumba. Mimi pia nilikuwa pale, na ulimi ninao.

Nje, penye benchi la kusubiria, nikamshika binti bega.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Wangefunga chumba cha baba, mama mdogo. Huyu si ndiye aliyeandika ile barua?"

"Na mkono wako je?"

"Si umewekwa plasta? Utaunga. Mimi bado kijana."

Baba yake alikuwa ametangulia, amebeba mkoba wa binti. Hakugeuka.

Siku ya pili nilimfuata chumbani kwake chini ya jukwaa. "Shemeji, rudi kamwambie yule mama ukweli. Peke yako. Chumba kikifungwa kifungwe, utafanya kazi nyingine."

"Nitakwenda," alisema. "Kesho kutwa."

Kesho kutwa alikuwa na mchezaji aliyeteguka. Baada ya hapo akasema Jumatatu. Jumatatu akasema amefikiria, mifupa ya vijana huunga yenyewe, ameona kwa macho yake. Aliyasema akiwa ananigeuzia mgongo. Mwanamume aliyewatuma hospitali watu wote walioshindwa lile birika, bila kuona aibu, alikuwa anaogopa sura moja tu nyuma ya meza moja. Nilimwita mwoga. Alikubali kwa kichwa, akaendelea kukunja bandeji zake. Na mimi, niliyekuwa na miguu miwili mizima na njia ya kwenda hospitali naijua, nilijiambia kwamba hili ni la baba na mwana, si langu. Nilijiambia hivyo wiki kumi.

Timu ya taifa iliondoka kwenda mashindanoni bila Komeo. Alikwenda kuwaaga, akawapungia plasta. Walikuwa wameichora maua na mioyo kwa kalamu, kila mmoja akaandika jina lake.

Wiki ya kumi tulirudi watatu. Plasta ilipokatwa, mkono uliotoka ndani ulikuwa mwembamba, wa kijivu, una magamba, hata Komeo akacheka. "Huu wa nani?" Akapelekwa eksirei. Daktari alibandika picha mpya pembeni ya ile ya zamani, akasimama mbele yake muda mrefu. Hata sisi tusiojua kitu tuliona. Ile korosho ilikuwa bado vipande viwili, na kipande cha nyuma kilikuwa cheupe, cheupe kuliko mifupa yote iliyokizunguka.

"Mfupa unaokufa huwa mweupe kwenye picha," alisema yule mama. Sauti yake haikuwa na ile haraka. "Sielewi. Umewahi, umetulia, plasta ilikaa. Haikupaswa kuwa hivi." Akavuta kiti, akakaa mbele ya Komeo, magoti yao yakakaribiana. "Inawezekana sikuifunga vizuri. Inawezekana nilipaswa kukufungua siku ile ile na sikuona. Kama ni hivyo, nisamehe, binti yangu."

Komeo akainamisha kichwa. Na hapo, baada ya wiki kumi, shemeji yangu akapata ulimi.

"Si kosa lako, daktari. Zilikuwa wiki saba."

"Wiki saba nini?"

"Tulipokuja mara ya kwanza. Alikuwa ameanguka wiki saba nyuma. Na mimi ndiye niliyekuwa namkanda. Kila siku."

Yule mama hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alirudi nyuma ya meza, akafungua faili, akatafuta ukurasa, akasoma alichokuwa ameandika.

"Ulikuwa umekaa kwenye kiti hicho hicho," alisema.

"Ndiyo."

"Nikasema habari ya mwezi na nusu."

"Ulisema."

"Siku ile kipande hiki kilikuwa bado hai, mzee. Kwenye picha ya kwanza kilikuwa na rangi sawa na wenzake. Angalia. Ningekiokoa, au ningejaribu."

Bwana Bega aliangalia. Alisimama, akaenda mpaka karibu na ile taa, akaangalia picha mbili kama alivyokuwa akiangalia ile ya ukutani mwake. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nisamehe, mwanangu. Ilibidi niseme. Nimeshindwa kuendelea kunyamaza."

Komeo hakuwahi kumpandishia baba yake sauti, na hata siku ile hakupandisha.

"Ulinyamaza wakati mkono unaokoleka, baba," alisema. "Sasa haukoleki, ndiyo unasema. Umesema ili wewe upate usingizi."

"Komeo," nikasema.

"Na wewe ulikuwepo, mama mdogo."

Daktari aliendelea na kazi yake, maana kazi ilikuwepo. Alisema atakiondoa kile kipande kilichokufa na kuvifunga baadhi ya vifupa vingine pamoja, ili maumivu yapungue. Komeo ataweza kushika kalamu, kula, kuvaa. Kifundo hakitakunjika kurudi nyuma tena. Komeo akauliza kama mtu mwenye kifundo hicho anaweza kusimama golini, na yule mama akamjibu hapana, bila kuzungusha maneno. Komeo akamshukuru. Tulipotoka baba yake aliunyakua mkoba kama kawaida yake, na Komeo akauchukua kutoka kwake kwa mkono wa kushoto, taratibu, kwa adabu.

Hakuna aliyekifunga kile chumba. Bwana Bega alikifunga mwenyewe, akapeleka ufunguo ofisini kabla hawajamwita. Kiwanda kilimpa kazi ya ulinzi wa geti la uwanja. Bado kuna wanaomfuata pale getini, wa zamani, wenye mabega na viwiko vyao, wanamwambia, "Bwana Bega, nishike kidogo tu." Anaficha mikono mfukoni. "Hospitali," anasema. Hata aliyejikwaruza kidole anaambiwa hospitali. Wanamcheka sasa.

Komeo alihamia kwangu baada ya upasuaji. Anafanya kazi kiwandani, sehemu ya kufunga sabuni, anabandika karatasi kwenye maboksi kwa mkono wa kushoto, na wameshamzoea. Haendi uwanjani. Hacheki sana, na akicheka ni kwa mambo ya kwenye simu.

Baba yake huja kila Jumapili mchana. Binti humwamkia, "Shikamoo baba," naye huitikia, "Marahaba mwanangu, mkono unaendeleaje?" Jibu ni moja: "Upo." Halafu tunakunywa chai, tunazungumzia bei na mvua. Miezi mingi imekwenda hivyo.

Jumapili iliyopita hakuridhika na lile jibu. Alisema, kwa sauti ya chini, "Naomba niushike tu. Sitaukanda. Niushike."

Komeo alimtazama kidogo. Akakunja mkono wa blauzi mpaka kwenye kiwiko, akaulaza mkono wa kulia juu ya meza, kati ya vikombe, kiganja juu. Kovu limepita pale pale kwenye kile kishimo. Mkono wenyewe ulikaa umenyooka kama ubao, haugusi meza kote.

"Haya baba. Ushike."

Shemeji alitoa mikono yake magotini. Ikafika ukingoni mwa meza, ikasimama. Mikono ile niliiona ikirudisha mabega ya watu huku mwenyewe anapiga soga. Ilisimama pale, na binti alisubiri, hakuondoa wake. Chai ilipoa. Mwisho baba akairudisha mikono yake magotini, akalia, na Komeo akateremsha mkono wa blauzi, akaanza kukusanya vikombe.